Kadi Moja, Vyumba Vitatu

Nachingwea, jioni ya kuamkia safari yako

Somoe mwanangu,

Barua hii nimeificha chini ya korosho za kuchoma kwa sababu nakujua. Mfuko wa korosho utaufungua kabla basi halijafika Ruangwa, kwa hiyo najua mpaka mahali utakapokuwa unaisoma. Ukicheka peke yako na jirani yako kitini akakushangaa, mgawie korosho chache kisha uendelee.

Sasa hivi umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na kwa jinsi shangazi yako alivyojaliwa maneno, nina nafasi ya kuandika hata kitabu. Mama yako yuko uani anafunga boksi lako kwa kamba ya katani. Amelifunga, amelifungua akaongeza kitu, amelifunga tena. Habari za kula, kulala, kusali na kufunga mlango amekwisha kukupa, nyingine mara mbili mbele yangu, na mimi hapo sina la kuongeza. Mimi nataka kuzungumza habari za mashine yetu ya chumba cha nyuma. Utasema, huyu baba naye, mtoto anakwenda kuanza kazi Dodoma, yeye anamwandikia habari za seva. Lakini mimi na wewe mambo yetu makubwa yote tumeyazungumza tukiwa tumeinamia kitu kilichoharibika, na uzee huu siwezi kuanza mtindo mwingine.

Nianzie mbali kidogo, kwenye redio. Unajua nilikuwa fundi redio pale sokoni kabla hujazaliwa. Watu walikuwa wakisema fundi Hamisi ana mkono mzuri, ila anachelewesha. Walidhani spea hazipatikani. Spea zilipatikana. Tatizo ni kwamba redio ikishapona nilikuwa siwezi kuiacha. Naiweka rafuni, naiwasha huku nashughulikia nyingine, najiambia bado kuna mkwaruzo kidogo, ngoja niichunguze. Siku moja mzee mmoja wa Nambambo akaja bila kuitwa, akasimama mlangoni, akasikia redio yake inasoma taarifa ya habari kwa sauti safi kuliko siku aliyoinunua.

"Fundi," akasema, "hii bado mgonjwa?"

"Naiangalia kidogo tu, mzee wangu."

"Ukitaka cha kuangalia, mwangalie mkeo. Hiyo nipe niende nayo."

Mama yako alikuwa ndiyo kwanza ameingia na chakula changu, mwari wa juzi juzi bado na aibu zake. Aibu zote zilimwisha siku ile. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo, kila akiniona nang'ang'ania kitu ambacho ningekuwa nimekwisha kukiachia, huniuliza lile swali la mzee wa Nambambo. Umelisikia maisha yako yote, "Hii bado mgonjwa?", na hujapata kuuliza limetoka wapi. Limetoka hapo.

Redio zikafa soko, simu zikaja, na wewe ukaja na seva. Nakumbuka ulivyoiingiza ndani, umetoka chuo likizo, umeinunua ikiwa imetumika mpaka rangi imechubuka, na inavuma kiasi kwamba mama yako alidhani umeleta kinu cha kusaga. Ukaniambia ndani ya boksi lile moja tutaweka mashine tatu za wateja, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Wageni, ukaziita. Mgeni wa kwanza shule ya sekondari, wa pili duka la dawa, wa tatu chama cha ushirika cha korosho. Nikakuuliza, wageni watatu, nyumba moja, watalala wapi? Ukacheka, ukasema swali ni zuri ila tutalijibu baadaye.

Lilijijibu lenyewe. Unakumbuka mama mmoja aliyetoka duka la dawa na dawa ya kikohozi ya mtoto, akafika nyumbani akafungua risiti yake, akakuta matokeo ya kidato cha pili, somo la hisabati, darasa zima? Mashine ya shule ilitafuta printa mtandaoni, ikaiona ya duka la dawa, ikaona hiyo hiyo. Mwalimu mkuu alikuwa shuleni anasubiri karatasi zitoke, na karatasi zilikuwa zinatoka mtaa mwingine zimefungiwa vidonge. Wazazi wawili walijua maendeleo ya watoto wao kwenye kaunta ya dawa. Mmoja akanunua na Panadol palepale.

Ndipo ukakaa siku ile ukaanza kugawa vyumba. Wenzako wanaziita namespace za mtandao, sisi hapa nyumbani tukaziita vyumba na mpaka leo mimi sijui kuziita vingine. Ulinieleza taratibu, na mimi nilikuwa nakusikiliza huku nikijifanya nasafisha feni. Boksi ni moja, Linux inayoliendesha ni moja, lakini kwa upande wa mtandao kila mgeni anapewa chumba chake. Humo ana kadi zake za mtandao, anwani zake, njia zake za kutokea, wala hawezi kuona printa ya jirani hata akikodoa macho. Na chumba cha kwanza, kile mashine inachozaliwa nacho, kinabaki cha mwenyeji. Kadi ya kweli, ile ya chuma tuliyonayo moja tu, inakaa kwa mwenyeji. Wageni wanaunganishwa kwa ile jozi ya veth, waya usioshikika wenye ncha mbili: ncha moja unaiingiza chumbani kwa mgeni, ya pili unaiacha kwa mwenyeji, na lolote linaloingia huku linatokea kule.

Katika chumba hicho cha mwenyeji ukajipa na wewe anwani ya laptop yako, ile inayoishia na saba, kwa sababu ulizaliwa tarehe saba. Binamu zako wakija kutafuta mtandao hupewa namba za mbali huko juu. Saba ikawa ya Somoe. Kumbuka hiyo, nitairudia.

Sasa niseme lile lililotuweka pagumu. Simu ya Dodoma ilipokuja, kwamba wamekupata na wanakutaka kwenye kampuni inayotunza seva za watu, nyumba nzima ilifurahi isipokuwa wewe. Ulikula, ukaosha vyombo, ukaja kusema: "Siendi. Nikiondoka, hiyo mashine ataitunza nani? Umeme ukikatika vyumba vyote vinapotea, script inayovijenga upya ikikwama baba hajui pa kuanzia. Ushirika wataingia mnada bila uzito wa magunia." Mama yako akakwambia mtoto hafungwi kamba na boksi linalovuma. Ukasema, "Akiweza mwenyewe, nitaenda. Asipoweza, siendi."

Na mimi nilifanya nini? Nikasema tu, "Tutaona." Mama yako akaniuliza taratibu, "Huyu naye bado mgonjwa?"

Lilinipata swali lile, Somoe. Maana ni kweli, kuna kijisehemu changu kilifurahi uliposema huendi. Nilikuwa nimezoea kukusikia chumba cha nyuma unaimba na kugombana na mashine. Ulikuwa umekwisha kupona siku nyingi, unasoma taarifa ya habari kwa sauti safi kuliko mimi, na mimi bado nimekuweka rafuni nasema nachunguza mkwaruzo. Siku ile ile nikaamua kwamba nitajifunza vyumba hivyo, na nitajifunza kwa siri, ili siku moja nikwambie tu, kata tiketi.

Nilijifunza ulipokuwa shambani Naipingo na mama yako. Nikaandika ile amri ya kujenga chumba, ip netns add, nikakipa chumba jina la majaribio, kikazaliwa. Nikafurahi kama niliyepata mjukuu. Nikakiingiza waya, nikakipa anwani, kisha nikakijaribu kwa kukiambia kijiite chenyewe. Kimya. Chumba hakijisikii. Nikarudia mara nyingi nisizopenda kuzitaja, nikidhani nimekosea anwani, nikidhani mashine imenichukia. Kumbe chumba kipya huzaliwa na ile loopback yake, sauti yake ya kujisikia mwenyewe, ikiwa imezimwa. Lazima uiamshe kwa mkono. Wewe ulikuwa umeliandika hilo mstari wa kwanza kabisa wa script yako, na mimi nilikuwa nauruka kila siku nikiuona mdogo.

Nimelifikiria sana jambo lile, na sitaki kulifanya hotuba. Nasema tu kwamba mimi nilipokwenda Mtwara kujifunza ufundi nikiwa kijana, siku za kwanza nilikuwa mbio mbio, nimfahamu huyu, nijulikane na yule, nicheke wanapocheka. Nilichukua muda kugundua kwamba sijui hata kama nimeshiba au nina njaa. Dodoma utawakuta watu wengi wazuri. Hawatakimbia. Wewe kwanza jiite, uitike, ndipo uwaite wao.

Basi nikaja kwenye ule waya, na hapo ndipo nilipokwama mwenyewe kwa ubishi. Mimi vitu bandia siviamini, na sababu unaijua nusu. Unajua nilipata kuuziwa salfa bandia, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Hujui tu nilivyogundua. Nilikwenda nayo Naipingo asubuhi, nimejifunga kitambaa puani, napuliza mkorosho baada ya mkorosho kama mtaalamu, kumbe nyuma yangu kuku wa jirani wameandamana. Kila nilipopuliza, walikuja wakadonoa chini. Nikasimama, wakasimama. Kuku hali salfa, mwanangu. Ilikuwa unga wa muhogo umechanganywa na kitu cha njano. Msimu ule ubwiri, ule ukungu wa mikorosho, uliyala maua yote, kuku wa jirani wakanenepa, na jirani akanisalimu mwaka mzima kwa kuniuliza nitapuliza tena lini. Tangu hapo, mtu akiniambia kitu fulani si cha kweli ila kinafanya kazi ileile, mimi nawaona wale kuku.

Ndiyo maana siku ya Nanganga nikafanya nilichofanya.

Tulikuwa tumekwenda ukweni, kwa mjomba wako Bakari, wanawatoa vijana jandoni. Wewe ulibaki hapa kuangalia nyumba. Ngoma imechangamka, vijana wamevaa vipya, wanatembea kama mawaziri. Mimi mkwe, tena fundi, nimepewa kazi ya spika. Pakawa na nafasi kidogo kabla ya chakula, nikafungua laptop ya zamani, nikaingia nyumbani kwa bando la simu. Nilitaka kukipanga upya chumba cha ushirika, ulichokijenga wewe, kwa mkono wangu. Mjomba Bakari akaja kusimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Shemeji," akasema, "mashine iko Nachingwea, wewe uko hapa. Unaigusaje?"

"Kwa amri."

"Hebu amuru tuone."

Nikafikiria. Ushirika ndio mteja mkubwa, na kesho yake kulikuwa na mnada wa korosho. Mtu wa maana vile nimpe waya wa kufikirika? Mimi, niliyelishwa na kuku somo lile? Nikasema hapana, huyu nitampa kitu halisi. Nikaichukua kadi ya kweli, ile moja, nikaamuru ihamie chumba cha ushirika. Nikabonyeza.

Wewe unaijua kazi hii, kwa hiyo sasa hivi umeshika kichwa ndani ya basi. Kadi ile ndiyo niliyokuwa nimepitia mimi mwenyewe. Ndiyo waliyokuwa wamepitia shule, na duka la dawa, na mwenyeji. Nilikuwa nimeng'oa mlango wa mbele nikaupeleka chumbani kwa mgeni, nami niko nje. Hata ushirika wenyewe haukufaidi, maana kadi ikihamishwa hufika imezimwa na imevuliwa anwani. Maandishi kwenye kioo yakasimama.

"Mbona imenyamaza?" mjomba wako akauliza.

"Inafikiri."

Akanywa chai. Akasubiri. "Inafikiri sana," akasema, akaenda zake kuangalia ngoma.

Haikuchukua muda simu ikalia, katibu wa ushirika. "Mzee Hamisi, kwako umeme upo? Huku hatuoni kitu, na kesho mnada. Uzito wote wa magunia uko humo."

Nikamwambia ataona kabla jua halijazama. Nikafunga laptop, nikamkabidhi kijana mmoja spika, nikaanza kunyata kuelekea barabarani. Mama yako akanikuta kwenye kona ya nyumba, ana mwiko mkononi.

"Pilau inapakuliwa, wewe unakwenda wapi?"

"Nachingwea."

Akanitazama usoni, akaelewa. "Somoe umemwambia?"

"Hapana. Ningempigia angeitengeneza sasa hivi. Lakini akijua tu, ndiyo basi tena, haondoki."

Akaingia jikoni akatoka na hotpoti, akanipa. "Kamata hii. Nenda."

Nikapata lori tupu lililokuwa linakwenda kubeba korosho, nikakaa mbele na dereva, hotpoti mapajani, nikisoma dua zote ninazozijua na moja niliyoitunga. Njia nzima ya Ruangwa dereva alikuwa ananisifia harufu ya pilau na mimi nilikuwa sisikii. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: kwamba nimemfunga mwanangu nyumbani kwa mkono wangu, kwa amri moja, kwa sababu ya kuku.

Nikafika, nikafungua mlango wa chumba cha nyuma polepole. Na wewe umekaa kwenye benchi, miguu juu, unakula embe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Pilau ya nani hiyo?"

"Yako," nikasema.

"Kadi iko chumba cha ushirika," ukasema, hata hukunitazama. "Umehamisha ya kweli, mzee. Umejifungia nje."

"Ule waya siuamini."

"Najua. Salfa."

"Sasa mbona hujaitoa?"

"Mama kanipigia. Kasema nisiguse kitu chochote, wewe unakuja na pilau."

Mama yako huyo. Aliniacha nisafiri na siri ambayo tayari alikuwa ameshaipeleka kwa simu, imefika kabla yangu. Leo nilipomkumbusha akasema siri hakuitoa yeye, aliisindikiza tu.

Nikakaa mbele ya mashine yenyewe, na kibodi yake. Wewe ukafungua hotpoti nyuma yangu. Nilikuwa nakusikia unatafuna na kila ulipotafuna nilihisi unanipa alama. Amri ya kuivuta kadi kutoka chumbani ilinitoka kichwani kabisa. Nikafikiri, nikafikiri, nikasema liwalo na liwe. Nikamzima mgeni wa ushirika kwa utaratibu, asipoteze kitu, kisha nikakifuta chumba chake chote. Nilijua nimepoteza kadi. Nilikwisha kuanza kupanga maneno ya kumwambia katibu.

Nikaorodhesha kadi za mwenyeji ili nione pengo. Hakukuwa na pengo. Ipo. Kadi yetu, jina lake lilelile, imekaa palepale ilipokuwa imekaa siku zote.

Nikageuka. "Imerudije?"

Ukaacha kutafuna. Ulikuwa unatabasamu vile ulivyokuwa ukitabasamu ukiwa mdogo ukificha kitu nyuma ya mgongo. "Ndivyo ilivyo, baba. Waya wa veth chumba chake kikifa, unakufa nacho, na ile ncha nyingine inaondoka. Ila kadi ya kweli haifi. Chumba kikivunjika, yenyewe inarudi chumba cha kwanza. Haiombi."

Ukaongeza, "Lakini angalia, imerudi imelala. Na haina anwani."

Nikaiamsha. Nikairudishia anwani yake na njia yake. Kisha nikajenga chumba cha ushirika upya, safari hii kwa ule waya nisiouamini: ncha moja ndani, nyingine kwa mwenyeji, loopback kwanza, anwani, njia ya kutokea. Mgeni akaamka. Nikamwita kwa ping. Akaitika. Nikamwita tena, akaitika, na tena. Katibu akapiga simu kabla sijampigia, akasema magunia yanaonekana, mzee, umeme umerudi? Nikamwambia umerudi.

Nyuma yangu ukafunga hotpoti. "Pilau ilikuwa tamu," ukasema. "Kesho nakata tiketi."

Sijakwambia nilivyosikia. Nilisema tu, "Umenibakizia?" na hukuwa umenibakizia hata punje. Somoe, nilifurahi. Nilibaki pale namwita yule mgeni na anaitika, nikijifanya nahakikisha, kwa sababu sikutaka kugeuka ukaniona.

Na waya ule mpaka leo haujakatika. Umeme umekatika mara kadhaa tangu hapo, script imejenga vyumba vyote upya, siku moja ilikwama na nikaikwamua mwenyewe wewe ukiwa umelala. Asubuhi hukujua kama kulikuwa na kitu. Nimeacha kuushuku. Nimekuja kuona kwamba ubaya wa ile salfa ulikuwa kwa aliyesema ni salfa. Waya huu haujanidanganya, ulisema tangu mwanzo kwamba haushikiki, na kazi yake unaifanya. Kwa hiyo hata mazungumzo yetu ya simu, ambayo nimekuwa nikiyabeza mbele ya mama yako kwamba sura ya kwenye kioo si mtoto, nitayapokea. Piga utakavyo. Nitaongea na kioo.

Mengine machache, na shangazi yako hawezi kukushikilia milele. Kule utakutana na watu waliosoma kuliko wewe, na mashine ambazo hazijachubuka rangi. Usiwasimulie habari za kuku siku ya kwanza. Wasimulie watakapokuwa wamejifungia nje kwa kosa lao na wamekaa wanatetemeka. Siku hiyo wape pilau kwanza, kisha uwaache watengeneze wenyewe. Mimi nilitengenezwa hivyo na wanawake wawili wa nyumba moja na sijapata darasa lililonikaa kama lile.

Jana ukiwa unakunja nguo uliniuliza kitu. Ulisema, "Na kule mambo yakinishinda je?" Nikakutania, nikasema Dodoma kuna zabibu, mambo hayamshindi mtu anayekula zabibu. Ulicheka, lakini nilikuona hukuridhika. Nimelala na swali lako, na jibu si langu, ni la kwako mwenyewe, ulilitoa mdomo ukiwa umejaa pilau.

Sitarajii kikushinde kitu. Nakutarajia ukae, ufanye kazi, ucheke, utuletee mtu wa kumtania mjomba wako Bakari ukipenda. Lakini ikitokea chumba cha kule kikavunjika, kwa lolote, usikae kutunga maneno ya kuja kutuambia. Njoo. Utakuja umechoka na hujui uanzie wapi, na hiyo ni sawa, kadi ya kweli hurudi imelala. Kukuamsha ni kazi yetu. Mama yako atakupikia, mimi nitakaa kwenye lile benchi nitafune embe nisikuulize kitu.

Asubuhi hii binamu yako alipita kuomba mtandao. Akasema, sasa Somoe anaondoka, si anipe mimi ile namba fupi, saba? Mama yako akaniangalia aone nitajibu nini. Nikampa namba ya huko juu, ndefu, akaenda zake akinung'unika. Kisha nikakaa kwenye mashine, nikaifunga saba kwa jina la laptop yako, kwa mkono wangu, bila kukuita unielekeze. Mama yako safari hii hakuniuliza kama kuna mgonjwa.

Nasikia sauti yako njiani, unaagana na shangazi kwa mara ya nne. Naifunga barua niifukie kwenye korosho.

Nenda mwanangu. Saba sijampa mtu.

Baba yako,
Fundi Hamisi